Dakika Ngumu Izoezwe Kabla Haijafika

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wote nawasalimu kwa heshima, na nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza.

Nianze na hofu, kwa sababu najua mmeingia nayo humu ukumbini. Mtu akisikia habari za hipnosisi, huvuta picha ya bwana mmoja jukwaani, saa ya mnyororo ikining'inia mkononi mwake, na mbele yake mtu aliyeduwaa anawika kama jogoo kwa sababu ameamriwa awike. Ndiyo maana wengi wanaonijia kuuliza kuhusu tiba hii huanza na swali lile lile: je, nitapoteza akili zangu? Huyo mtaalamu ataweza kunifanyisha nisichotaka?

Ni swali la haki, na nitalijibu. Ila kwanza niweke wazi ninachokusudia kuwaambia leo. Nguvu ya hipnosisi haimo kwa mtaalamu. Imo kwa yule aliyekaa kwenye kiti, katika uwezo wake wa kuwazia jambo hadi mwili ukalipokea. Uwezo huo ukitumiwa ovyo humchelewesha mtu, tena wakati mwingine humrudisha nyuma huku akijiona anasonga mbele. Ukitumiwa kwa ustadi, humwandaa mtu kwa dakika ambayo bado haijafika. Hiyo dakika ndiyo iliyonileta hapa. Lakini siwezi kuifikia bila kwanza kuwapitisha Paris.

Mwaka 1778 daktari mmoja aliyeitwa Franz Anton Mesmer alihamia Paris kutoka Vienna. Alifundisha kwamba ulimwengu wote umejaa umajimaji usioonekana, akauita sumaku ya viumbe, na kwamba maradhi hutokea umajimaji huo unapokwama mwilini. Wagonjwa walikaa kulizunguka pipa kubwa lililochomoza vyuma, wakasubiri. Baada ya muda wengine walilia, wengine walicheka, wengine wakaanguka wakitetemeka. Na wengi walisema wamepata nafuu. Mji mzima ukawa unamzungumzia yeye.

Mfalme Louis wa 16 akaunda tume mwaka 1784. Tazameni aliokusanya: Antoine Lavoisier, mkemia mkubwa wa zama zile, Jean Sylvain Bailly, mwanafalaki, daktari Guillotin, na Benjamin Franklin, aliyekuwa Paris akiiwakilisha Marekani. Franklin alikuwa anaumwa, hivyo baadhi ya majaribio yalifanyika nyumbani kwake huko Passy. Mwanafunzi wa Mesmer, Charles d'Eslon, aliutia mti mmoja wa bustanini ile sumaku yake. Kisha akaletwa mvulana wa miaka 12, aliyejulikana kuwa huathirika upesi, akafungwa kitambaa machoni na kupelekwa kwenye miti, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja kati ya miti hiyo uliokuwa ndio wenyewe. Kwenye mti wa kwanza alitoka jasho na kukohoa. Kwenye mti wa nne alizimia.

Tume ikaandika ilichokiona: umajimaji haupo, na kilichomwangusha mtoto ni kuwazia kwake mwenyewe. Wengi waliipokea ripoti ile kama hukumu ya kufunga mjadala. Si sumaku, basi ni mawazo matupu, twendeni nyumbani. D'Eslon peke yake aliuliza swali ambalo mimi naliona zito kuliko ripoti nzima: ikiwa tiba ya kuwazia ndiyo inayofanya kazi vizuri kuliko nyingine, kwa nini tusiitumie?

Naomba mlitafakari hilo. Magoti ya yule mvulana yalilegea kweli. Jasho lilimtoka kweli. Hakukuwa na udanganyifu wa mtoto pale, wala uchawi. Mwili wake uliitikia jambo ambalo halikuwepo kana kwamba lipo. Wanasayansi wale walikuwa wamegundua kitu kikubwa, wakakitupa kwa sababu hakikuwa kile walichotumwa kukitafuta.

Ilichukua zaidi ya miaka 50 kabla ya daktari mwingine kukiokota. James Braid, mpasuaji Mskoti aliyekuwa Manchester, alitazama onyesho la aina hiyo mwaka 1841 akiamini atafichua hila. Alirudi nyumbani akajaribu mwenyewe, kwa mkewe na rafiki zake, akiwaambia wakazie macho kitu kimoja kinachong'aa bila kuyaondoa. Hakutumia pipa wala sumaku. Macho yalichoka, fikra zikakusanyika mahali pamoja, na mtu akaingia katika hali ya kuzama. Mwaka 1843 aliandika kitabu, na jina la hipnosisi likaenea kutokana na kazi yake. Jina lenyewe linatokana na usingizi, na kwa hilo limetupotosha mpaka leo. Aliye kwenye hipnosisi hajalala. Vipimo vya ubongo vinaonyesha mtu aliye macho. Anasikia, anaelewa, anaweza kukataa, anaweza kusimama na kutoka nje.

Hali ya kuzama mnaijua. Umewahi kusoma simulizi ikakuteka hadi mtu anakuita mara tatu husikii. Umewahi kutembea njia unayoizoea ukajikuta umefika bila kukumbuka ulivyopita katikati. Hipnosisi ni kuingia katika hali ya namna hiyo kwa makusudi, na mkiwa ndani yake, mtaalamu anaweka madokezo: maneno na taswira zilizochaguliwa kwa ajili yako.

Tujaribu kidogo, maana mambo haya hayaeleweki kwa kusikia tu. Asiyependa abaki kama alivyo, hakuna lawama. Wengine nyosheni mikono yote miwili mbele, usawa wa mabega, viganja vitazame juu. Fumbeni macho. Sasa wazia kwamba kwenye mkono wa kulia nimekutundikia ndoo. Naanza kuijaza maji. Sikia kishikio cha ndoo kinavyokata kiganja. Maji yanapanda, yanafika nusu, bega linaanza kulalamika. Kwenye mkono wa kushoto nimefunga puto kubwa jepesi linalovuta juu, na upepo unalisukuma. Ndoo imejaa sasa. Fumbueni macho, na kila mmoja atazame mikono yake bila kuisogeza.

Wengine mikono yenu imeachana sana. Wengine kidogo. Wengine iko pale pale, na mnanitazama kwa shaka. Hakuna aliyefaulu hapa wala aliyefeli. Watu tunatofautiana katika jambo hili, na tofauti hiyo imepimwa kwa uangalifu. Mwaka 1959, André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa vipimo vyenye majaribio 12 ya namna hii. Wachache huzama sana, takriban mtu mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo. Wachache karibu hawazami kabisa. Wengi wetu tuko katikati. Na uwezo huo haubadiliki kirahisi: watu 50 waliopimwa ujanani walipimwa tena baada ya miaka 25, wakakutwa wengi wako karibu pale pale walipokuwa. Kwa hiyo mtaalamu anayekuambia kwamba kila mtu atazama sawasawa chini ya mkono wake anakudanganya.

Je, waliozama wanaigiza ili wampendeze mtaalamu? Hilo lilichunguzwa pia. Mwaka 2000, Stephen Kosslyn na wenzake waliwachukua watu wenye uwezo mkubwa wa kuzama, wakawaambia wakiwa kwenye hipnosisi waone picha ya kijivu kana kwamba ina rangi. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia rangi zikaongeza kazi, ingawa machoni hapakuwa na rangi. Miaka mitatu kabla yake, Pierre Rainville na wenzake walichapisha uchunguzi ambapo watu walitia mikono kwenye maji ya moto kiasi cha kuumiza. Walipopewa madokezo kwamba maumivu hayo hayakeri sana, kazi ilipungua katika eneo la ubongo linalohusika na kukereka kwa maumivu, wakati eneo linalopokea ukali wake halikubadilika vile. Maji yalikuwa yale yale.

Basi tuje kwenye tiba yenyewe. Nitasema pale ambapo inasaidia, na nitasema pia pale ambapo watu wanauziwa matumaini.

Inasaidia kwenye maumivu na kwenye hofu ya matibabu. Hata kabla ya etha, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu, kutumika hadharani Boston mwaka 1846, daktari James Esdaile alikuwa akipasua wagonjwa huko Bengal, India, kwa njia zilizotokana na Mesmer, bila dawa yoyote ya kuondoa maumivu. Siku hizi hatuhitaji ushujaa huo. Huko Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1992 daktari Marie-Élisabeth Faymonville na wenzake wamewapasua maelfu ya wagonjwa, wakiwemo wenye uvimbe wa tezi ya shingo, kwa hipnosisi pamoja na ganzi ya mahali na dawa kidogo ya kutuliza, bila nusu kaputi. Na mwaka 2000 Elvira Lang na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 241 waliofanyiwa matibabu ya mishipa na figo wakiwa macho. Waliofundishwa kujituliza kwa hipnosisi walitumia dawa kidogo zaidi, na shughuli yenyewe ilimalizika upesi zaidi: wastani wa dakika 61, badala ya 78 kwa waliotibiwa kwa kawaida. Huyo ni mgonjwa aliyepewa kazi ya kufanya badala ya kulala tu akisubiri kuumia. Mimi naona hapo heshima ambayo hospitali nyingi hazijajifunza kumpa mtu.

Inasaidia pia kwa wale wanaoteswa na tumbo miaka na miaka. Linauma, linajaa gesi, leo kuharisha kesho choo kigumu, na vipimo havionyeshi kidonda. Mwaka 1984, Peter Whorwell na wenzake huko Manchester walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 wa aina hiyo ambao dawa hazikuwasaidia. Waliotibiwa kwa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko kundi la kulinganisha. Mgonjwa huweka kiganja tumboni, akausikia ujoto ukiingia, akawazia utumbo wake kama mto unaotiririka kwa mwendo wake mzuri. Mwaka 2008 mwongozo wa afya nchini Uingereza ulitaja tiba hiyo miongoni mwa zile za kufikiriwa kwa wasiopata nafuu baada ya miezi 12 ya dawa.

Sigara je? Hapa ndipo matangazo yanapopiga kelele nyingi, na hapa ndipo ushahidi ni mwepesi. Tafiti zilipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, haikuonekana wazi kwamba hipnosisi inashinda njia nyingine za kuacha. Wapo walioacha kwa msaada wake, sikatai. Ila anayekuahidi kikao kimoja na kiu imekwisha, mwache.

Kuna mahali ambapo hipnosisi haipaswi kupelekwa kabisa: kuchimba kumbukumbu zilizosahaulika. Kumbukumbu haihifadhiwi ndani yetu bila kubadilika. Kila tunapoikumbuka tunaijenga upya, na mtu aliyezama huijenga kwa wepesi zaidi, tena hutoka akiiamini zaidi. Anakuwa na uhakika mwingi wa jambo ambalo huenda halikutokea. Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliona hatari hiyo mwaka 1982, ikazuia ushahidi wa mashahidi waliopitishwa kwenye hipnosisi ili wakumbuke. Familia zimevunjika kwa kumbukumbu zilizotengenezwa kwenye kiti cha tiba. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu uwezo ule ule unaoponya ndio uliotumika kubomoa.

Sasa tufike nilikokuwa naelekea.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mfamasia mmoja wa Ufaransa, Émile Coué, aliwafundisha watu wakariri sentensi moja asubuhi na usiku, mara 20, wakihesabu kwa mafundo ya uzi: kila siku, kwa kila hali, nazidi kuwa bora. Alifundisha jambo lingine lililo bora kuliko sentensi hiyo. Alisema utashi na kuwazia vikigombana, kuwazia ndiko kunakoshinda. Laza ubao mpana chini, kila mmoja wetu atapita juu yake. Uinue ubao ule ule hadi juu ya minara miwili, uone nani atapita. Ubao haujapungua upana na miguu yako ni ile ile. Kilichobadilika ni picha iliyo kichwani: unajiona unaanguka, na mwili unaitii picha hiyo kuliko unavyoutii utashi wako.

Kwenye hilo Coué alisema kweli. Lakini ile sentensi yake imezaa tabia ambayo mimi naipinga waziwazi: mtu anakaa, anafumba macho, anajiona amefika. Anajiona mwembamba, ameacha pombe, anahutubia umati unaosimama kumpigia makofi. Anafumbua macho akiwa na raha. Kesho anarudia. Na maisha yake hayasogei.

Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ametumia miaka mingi kulichunguza hili. Mwaka 1991, yeye na Thomas Wadden walichapisha habari za wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kwamba wataweza walipungua zaidi, kama unavyodhani. Lakini waliojipa njozi tamu za mwisho wa safari, ambako kila kitu kimekwenda chenyewe, walipungua kidogo kuliko wengine. Njozi ya ushindi inaulegeza mwili. Unaonja tuzo kabla ya kuifanyia kazi, na sehemu fulani ndani yako inaamini kwamba kazi imekwisha.

Wanafunzi nao walipimwa. Mwaka 1999, Lien Pham na Shelley Taylor walichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo waliokuwa wakikaribia mtihani. Kundi moja liliwazia kila siku alama nzuri na furaha ya kuziona. Kundi jingine liliwazia kusoma kwenyewe: kukaa mezani, kufungua daftari, kuzima kinachovuruga, kurudia mada. Waliowazia kusoma walianza mapema na wakapata alama nzuri zaidi. Waliowazia alama walisoma kwa saa chache.

Na mwili hufuata kile kinachozoezwa. Mwaka 1995, Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwafundisha watu wasiojua piano zoezi la vidole vitano, saa mbili kwa siku kwa siku tano. Wengine walicheza kwa mikono. Wengine walikaa mbele ya kinanda wakiwazia tu kila kidole kikishuka, bila kukigusa. Ramani ya vidole katika ubongo ilipanuka kwa makundi yote mawili. Waliocheza kwa mikono walikuwa bora, hilo lisifichwe. Lakini wale wa kuwazia walipopewa kipindi kimoja cha mazoezi halisi, waliwafikia. Hao hawakuwazia makofi ya wasikilizaji. Waliwazia kidole cha tatu, halafu cha nne.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnapofumba macho ili mjibadilishe, msiende kwenye tuzo. Nendeni kwenye dakika ngumu. Kila mabadiliko yana dakika yake: muda mfupi ambao mtu wa zamani na mtu mpya wanagombania mkono mmoja. Anayeacha sigara haachi mwaka mzima kwa mkupuo. Anaacha pale ambapo mwenzake kazini amemnyoshea pakiti, mchana, wakati wa mapumziko, siku ambayo mkubwa wao amemkemea. Mwenye hasira habadiliki kwenye ibada wala kwenye kikao cha ushauri. Anabadilika pale ambapo mtoto amemwaga kitu kwa mara ya pili na sauti imeshaanza kupanda kifuani.

Ijue dakika yako kwanza. Usiseme "nikiwa na mawazo". Sema wapi, saa ngapi, mbele ya nani, baada ya neno gani. Kisha tafuta utulivu: keti, macho yatue mahali pamoja hadi yachoke yenyewe na kufumba, pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia, na kila inapotoka legeza sehemu moja ya mwili, kuanzia paji la uso. Huo ndio mlango. Hauhitaji mtu akufungulie.

Ukishazama, ilete ile dakika jinsi ilivyo, pamoja na ugumu wake. Wengi hukosea hapo, wanawazia dakika rahisi. Lete pakiti karibu, sikia harufu, acha kiu ipande na koo likauke. Ona mkono wako unavyoanza kunyanyuka. Sasa ndipo uweke jambo utakalolifanya, dogo na la hakika: mkono unakwenda kwenye chupa ya maji, mdomo unatamka maneno uliyoyachagua mapema, miguu inageuka kuelekea upande mwingine. Kaa na kiu inavyopanda, inavyofika kileleni, inavyoanza kushuka bila kutiiwa. Rudia. Siku nyingine jaribu ukiwa umechoka, siku nyingine mwenzako abembeleze zaidi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio, "likitokea hili, nitafanya lile", hutimizwa zaidi kuliko nia inayoelea. Hapa unaifunga nia hiyo mwilini, siyo kwenye karatasi tu.

Angalieni pia jinsi mnavyojisemesha. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Akilini, amri ya kukataza huanza kwa kukileta kile kilichokatazwa. Kwa hiyo "sitatetemeka" inaleta mtetemeko. Sema utakachofanya: "nitasimama nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu, nitamtazama aliye mstari wa nyuma, nitaanza na salamu."

Namna hii hufika hata kwenye ndoto. Mwaka 2001, Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 168 waliopitia ukatili wa kingono na kuandamwa na ndoto za kutisha. Waliofundishwa njia hii waliichukua ndoto yao wakiwa macho, wakaibadilisha walivyotaka wenyewe, kisha wakaizoeza ile mpya akilini kila siku. Ndoto zao za kutisha zilipungua na usingizi ukawa bora. Kila nikilikumbuka hilo nasimama. Mtu aliyenyang'anywa amani hata usingizini anapewa kalamu mkononi, na anaandika.

Wapo kati yenu mnaojiuliza: mbona mimi nikifumba macho naona giza tu? Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliwakuta watu wa namna hiyo mwaka 1880, na mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake wakaipa hali hiyo jina la afantasia. Hamjakosa kitu cha lazima. Tumieni sauti, uzito wa miguu sakafuni, joto la viganja, maneno. Dakika ngumu inaweza kuzoezwa bila hata picha moja.

Ukiamua kwenda kwa mtaalamu, mwulize alisomea nini kabla ya hipnosisi. Awe ni daktari, mwanasaikolojia, muuguzi, daktari wa meno, mtu mwenye taaluma inayomfanya ajue ugonjwa wako hata hipnosisi ikiondolewa. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali kama nyenzo ya tiba mwaka 1955. Ni nyenzo, na nyenzo haimfanyi mtu kuwa daktari. Mwulize atafanya nini ikiwa hutazama. Mwulize kama atakufundisha kuifanya peke yako, maana mtaalamu mwema hutaka haja yako kwake ipungue siku hadi siku. Aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kupoteza mguso wa ukweli asijaribu bila daktari wake kujua. Aliye na kifafa aseme kabla ya kuanza. Maumivu mapya yapimwe kwanza hospitali, kwa sababu maumivu yana habari, na ni hatari kuyanyamazisha kabla hayajasikilizwa. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu umejisikia vizuri baada ya kikao.

Na lile swali la mwanzo, kama mtaalamu anaweza kukufanyisha usichotaka: wale wa jukwaani huchaguliwa. Kabla ya onyesho, mwenye shughuli huwapima watazamaji kwa mazoezi kama lile la ndoo, akawabakiza wanaozama upesi na wanaopenda kuonekana. Wanajua wako jukwaani, na wanajua kinachotarajiwa. Ofisini kwa mtaalamu hakuna umati. Dokezo lisilokufaa linapita tu, na ukitaka kufumbua macho unafumbua. Hata hivyo, mtu aliyelegea na kuamini huwa wazi zaidi, kwa hiyo una haki ya kuwa na ndugu au rafiki chumbani, una haki ya kuomba kikao kirekodiwe, na una haki ya kusema imetosha katikati ya sentensi ya mtaalamu. Asiyekubali hayo, msimlipe.

Mmenisikiliza kwa subira, na nawashukuru. Maswali sasa, na naomba tuanze na wale ambao mikono yao haikusogea kabisa.